Mlamula Katikati ya Mpunga

Siku hizo nilikuwa na uchovu ambao hata ukilala siku mbili unaamka nao. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, idara ya mazingira bado changa, na mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi yake ya Jinja: mwanamke mmoja, jozi moja ya gambuti, na keekee ya kuchimbia udongo iliyokuwa ndefu kuliko mimi. Kila mwezi nilikwenda kwenye mtaro wa kiwanda kimoja cha ngozi, nachota maji meusi yanayonuka mpaka kwenye chai ya kesho yake unaisikia harufu. Najaza chupa, chupa zinakwenda makao makuu, makao makuu wanakiandikia kiwanda barua, kiwanda nacho kinajibu kwa barua nzuri zaidi. Mtaro unaendelea kutiririka. Jirani zangu wa Mafubira wakiniuliza idara yetu inafanya nini, nawaambia tunaandikiana barua.

Mbale hatukuandika barua. Huko tulipigilia vigingi vya mpaka. Kando ya Nakaloke kuna kinamasi, na watu walikuwa wamefyeka mafunjo wakapanda mpunga mpaka ndani kabisa. Bosi wangu, mtu mpole aliyependa kueleza kuliko kula, aliwakusanya akawaambia kwamba mafunjo ndiyo chujio: maji machafu ya mji yanapita pale, yanaacha uchafu wake, ndipo yanaendelea na safari. Mkiyamaliza mafunjo, alisema, watoto wenu watakunywa choo cha Mbale nzima. Alisema kweli. Naamini hivyo mpaka leo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Yeye anaeleza, mimi nachimba. Udongo ukitoka mwekundu, hilo ni shamba la mtu, tunapita. Ukitoka wa kijivu wenye madoa ya kutu, hicho ni kinamasi, na mtu atavuna mpunga uliopo kisha asipande tena. Watu walinisikia nikiongea Kiswahili wakainamisha vichwa. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki, wakaniita afande, mimi na keekee yangu! Nilizaliwa kota za askari jela pale Jinja, baba mtu wa kaskazini, mama wa upande wa Kenya, na Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kuombea chumvi.

Mtu mmoja tu pale hakuinamisha kichwa. Huyu alikuwa mke wa askari jela mwenzake na baba, tuliishi naye ukuta kwa ukuta, na mama akiugua ndiye aliyenilisha na kunisuka nywele. Mumewe alipofariki aliambiwa aondoke kota, maana nyumba ni ya kazi, na kazi imekwisha. Akabeba sufuria, godoro na karai moja la miche, akarudi kwa kina mumewe Nakaloke. Kwa shemeji zake alipewa mahali pa kujenga tu. Pa kulima akajitafutia mwenyewe, kinamasini. Mpunga huo ndio uliokuwa chakula chake, ndio sabuni yake, ndio kila kitu.

Nilichimba shambani kwake mara tatu, sehemu tatu, nikimwomba Mungu anipe udongo mwekundu. Kijivu. Kijivu. Kijivu.

"Basi ni kijivu," akasema. "Wewe kuja kula."

Hakuwa na wasiwasi, wala mimi sikuwa nao sana, kwa sababu vigingi vyetu havikudumu. Tulipigilia vya mkaratusi vyenye rangi nyekundu, tukarudi Jinja, na tuliporudi Mbale wiki mbili baadaye havikuwepo. Tukapigilia tena. Vikaenda tena. Siku moja yule mama akanipikia ndizi, nikachungulia jikoni, nikaona kuni moja ina rangi nyekundu kwenye ncha. Tulitazamana tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Moyoni nikasema heri, mchezo huu uendelee hivi hivi mpaka nistaafu.

Mara ya tatu haukuwa mchezo. Makao makuu walituma ujumbe kwamba mpaka ule usimame kabla mvua haijaanza, na sisi tusirudi Jinja hata siku moja mpaka usimame. Tulikuwa tumekaa Mbale siku kumi na tisa, nimelala kwenye kitanda cha nyumba ya wageni chenye shimo katikati, ngozi ya vidole vya miguu inabanduka kwa maji. Bosi alikaa chini kando ya gari, akavua kofia, akasema, "Dada, nimeshindwa. Hawa watu wataheshimu nini?"

Nikamjibu. Ndiyo, mimi. Sikufikiri, nilitaka tu kwenda nyumbani.

"Mlamula," nikasema.

Ni mmea wa mpaka, una shina jembamba na majani marefu kama ya muhindi. Ukikata kipande cha shina ukakichomeka ardhini, kinaota. Watu wa pande zetu hawaugusi. Jiwe watasogeza, ua watabomoa, lakini mlamula ukishapandwa kati ya mtu na mtu, hata mlevi anauzunguka. Mwenye kuung'oa, majirani hawali naye tena. Sikuyajua hayo kwa kusoma. Pale kota wake za askari walikuwa wakigombania vishamba vya mboga, matusi asubuhi, matusi jioni, mpaka yule mama akapanda mlamula kati ya kila kishamba na kingine. Ugomvi ukaisha. Nilikuwa mdogo, nikataka kuuvuta mmoja, akanishika mkono. "Hii hapana ng'oa," akaniambia. "Ukiing'oa, shauri yako."

Bosi aliruka pale alipokaa, kama mtu aliyeokota pesa. "Na tunaupata wapi?"

Hapo bado ningeweza kunyamaza. Ala, domo langu! Nikamwambia najua mahali.

Karai lile la miche ambalo yule mama alitoka nalo kota lilikuwa na mlamula. Aliupanda kuzunguka ua wake wote, ukawa mnene, ukampita kichwa. Nilimkuta mchana, anapepeta mchele. Nikamwambia naomba vipande vya mlamula, vingi.

Akaacha kupepeta. "Umepata kiwanja?"

Nilijua ningemweleza nini. Maneno yote nilikuwa nayo, chujio na mafunjo na mji. Lakini kumweleza kungechukua mchana mzima, na baada yake ningetakiwa kumtazama usoni, na miguu ilikuwa inaniuma.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kiwanja."

Akapiga kigelegele peke yake. Aliniuliza ni wapi, nikasema Mafubira. Akachukua panga, akakata ua wake pande mbili, akikata anaongea: sasa mwanangu amepata pake, sasa hakuna mtu atakuja mlangoni kumwambia ondoka. Alifunga mafungu kwa kamba za mgomba, lile fundo lake la kuzungusha mara tatu, na akakataa nimsaidie kubeba mpaka kwenye gari. Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza, tukapakia.

Tulipanda kesho yake asubuhi na mapema, tukifuata mashimo yangu ya kijivu. Bosi alikuwa anaimba. Mimi nilichomeka miche haraka haraka, bila kuitazama, na nilipofika shambani kwa mama nilizidisha haraka. Mpunga wake ulikuwa umefika magotini.

Watu wakatoka majumbani. Hawakupiga kelele kama walivyozoea kwa vigingi. Walisimama kando wakatazama majani yale, na nikaona kwamba wanamngoja yeye. Ndiye aliyenijua, ndiye aliyenilisha. Yeye akiung'oa mmoja, wote wangeng'oa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba ang'oe.

Alikuja taratibu, jembe begani. Akaokota kamba ya mgomba iliyoanguka kwenye matope, akalitazama lile fundo. Akatazama mstari wa mlamula ulivyouacha mpunga wake wote upande wa kinamasi, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe kiwanja ni hii," akasema.

Jirani mmoja akauliza kwa Kigisu, kwa sauti ya chini, na nilielewa bila kutafsiriwa: tung'oe? Mama akatikisa kichwa. Akamjibu kwa Kiswahili, kile chetu cha kota, ili na mimi nisikie.

"Hii hapana ng'oa."

Akainama kwenye mche mmoja niliouchomeka vibaya, umelala upande. Akausimamisha, akaushika wima kwa mikono miwili.

"Umepanda kama mtu anakimbia," akaniambia. "Itakauka. Kuja, kanyaga hapa. Kanyaga sana, mwanangu."

Nikakanyaga.