Suruali ya Harusi Kando ya Ziwa Naivasha

Mwaka wa 1963 nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba akafa, na shule ikaishia hapo, darasa la tatu, sijui hata kama mwalimu aliwahi kuuliza nilikokwenda. Nikatoka Kakamega nikaja Nairobi kwa mjomba, nikabeba maji, nikabeba mawe ya mjengo, halafu nikapewa baiskeli ya kuleta nyama kutoka machinjioni Dagoretti mpaka Kenyatta Market, sanduku la bati nyuma, damu ikinichuruzikia viatuni, mbwa wote wa njiani wakinifahamu. Nimefukuzwa na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, nimelala njaa, nimeibiwa kila kitu isipokuwa meno. Nawaambia haya kwanza ili mjue mtu kama mimi haaibiki ovyo. Na bado mwaka wa 2004, nikiwa mzee mwenye bucha yangu, watu wakiniita bosi, niliaibika mbele ya wakwe mpaka nikatamani kiboko atoke ziwani anichukue.

Binti yangu Rosa alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Kariuki. Watu wa Kitisuru hao, nyumba yenye nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mwanajeshi, na baba yake, Mzee Njoroge, alikuwa amestaafu kazi ya benki. Siku ya wao kuja nyumbani kwangu rasmi kuzungumzia ndoa ilikuwa haijawekwa. Sikuwa na wasiwasi na kijana. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu, kwamba Rosa asiingie nyumba ile akahesabiwa kuwa mtoto wa muuza nyama. Nilitaka aingie kichwa kikiwa juu.

Basi Jumamosi moja Mzee Njoroge akanitembelea sokoni, tukakaa nyuma ya bucha, nikamkatia mbavu mwenyewe. Akaniambia daktari amemwamuru apande baiskeli, kwamba yeye na rafiki zake wawili huzunguka Karen kila wiki, na sasa wamechoka kuangalia nyua za watu, wanataka kuendesha mahali penye ziwa.

"Nasikia wewe baiskeli ndiyo iliyokulea," akasema. "Hebu tupangie safari."

Jamani, mtu wa benki ananiomba mimi nimpangie kitu! Nilichukua figo iliyochomwa nikaiweka katikati ya ubao wa nyama, nikasema hili ndilo ziwa Naivasha. Nikapanga mbavu kuwa barabara. Nikamwonyesha kwamba ule mteremko wa kwenda Mai Mahiu hatuugusi, malori ya pale hayamjui mstaafu wala daktari wake, baiskeli zitapanda pikapu yangu mpaka njia panda ya barabara ya kusini mwa ziwa, hapo ndipo tutaanza, asubuhi kabla upepo haujaamka, mafunjo mkono wa kulia, punda milia mkono wa kushoto, mpaka bustani moja ya kukodisha yenye migunga ya manjano, ambako wake zetu watakuwa wametangulia na mbuzi. Mzee Njoroge aliitazama ile figo kwa heshima. Halafu akaila. (Nilijua hapo kwamba tutaelewana.)

Kila kitu kilipangwa sawasawa. Nilichosahau kupanga ni mimi mwenyewe.

Jioni moja Rosa akaniletea mfuko wa plastiki, ndani kuna kile kinguo cheusi cha kubana wanachovaa watu wa baiskeli siku hizi, chenye godoro makalioni.

"Baba, wote watavaa hivi."

"Mimi niwaonyeshe wakwe mapaja?"

"Baba, ni michezo tu."

"Mapaja ni mapaja, Rosa."

Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kupita kiasi. Huli mbele yake ukiwa kifua wazi, hakuoni umekaa vibaya, na akikuona uchi, hata kwa bahati mbaya, wazee huitwa na mambo ya ndoa husimama kwanza. Mama Rosa, mke wangu, akanishauri nivae ovaroli ya kazi, safi, aliyoipiga pasi. Nikakataa. Nikasema sitakwenda kwa watu wa Kitisuru nikiwa fundi bomba. Nikatoa sandukuni suruali ya suti yangu ya harusi, ile ya zamani yenye miguu mipana kama kengele, nikaifunga chini kwa vipande vya mpira wa tyubu, nikaongeza koti na tai, nikajiangalia kwenye kioo nikajiona bwana. Uamuzi wangu mbaya ulikuwa huo, na mengine yote yalifuata nyuma yake.

Siku yenyewe tukashuka njia panda, jua zuri, hewa ya baridi, na Mzee Njoroge akavua koti lake refu. Ndani alikuwa na kile kinguo. Na rafiki zake hali kadhalika. Nikatazama mlima. Nikatazama mawingu. Nikafunga tena kamba za viatu vyangu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Sasa niambieni, mngefanyaje? Nikiendesha nyuma yake, safari nzima macho yangu yatakuwa kwenye makalio ya mkwe. Nikiendesha kando yake, kuna mapaja. Ilibaki kukaa mbele, na mbele nikaenda, na kila waliponikaribia (wana baiskeli nyepesi hao, mtu anaiinua kwa kidole, na mimi niko juu ya blakimamba, ile baiskeli nzito ya chuma) nikazidi kukanyaga, jasho likaniingia machoni, nikapita mashamba ya maua, nikapita twiga wamesimama kama watu wanaongoja mshahara, sikuona hata tone la lile ziwa nililolipanga.

"Mkwe, pole pole," Mzee Njoroge akaita kutoka nyuma. "Si tumekuja kuona maji?"

"Mtayaona, mkwe," nikajibu, na sikugeuka.

Wafanyakazi wa maua walikuwa wamekaa kando ya barabara wakipumzika, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mzee anafukuzwa au anafukuza?" Wakati wanacheka ndipo ule mpira wa tyubu, mguu wa kulia, ukakatika.

Nilisikia cheni ikiuma kitambaa. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini nikisimama, hao watatu watanifikia, na kitambaa kilikuwa kimeshaanza kupasuka upande wa nyuma, krrr, kidogo kidogo, kila nikizungusha pedali kinapanda. Nikajiambia bustani iko pale karibu, nifike kwa mke wangu kwanza, yeye atajua la kufanya. Geti likaonekana. Nikakata kona, njia ya mle ndani inateremka kuelekea majini, baiskeli ikashika kasi, suruali ikaingia yote kwenye meno ya cheni, gurudumu likagoma, na mimi nikaendelea peke yangu.

Nilitua kwenye nyasi, mbele ya miguu ya mtu. Suruali ya harusi ilibaki kwenye baiskeli. Mimi nilibaki na koti, tai, soksi na viatu, na kaptura ya ndani iliyokuwa nyeupe kabla haijafuliwa pamoja na sweta jekundu la Rosa. Ile miguu ilikuwa ya Mama Kariuki, mke wa Mzee Njoroge, ameshika trei ya vikombe.

Nilimsikia Rosa, aliyetangulia na mama yake, akivuta pumzi kule kwenye meza, na nikajua anawaza ninachowaza mimi, kwamba ndoa imesimama.

Mama Kariuki akafanya jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Aliweka vikombe chini, akanipa mgongo, akafungua leso ya kijani aliyojifunga kiunoni, akaitupa nyuma bila kugeuka. Ikaniangukia kichwani.

"Jifunge, baba," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia ziwa."

Nikajifunga. Wale watatu wakaingia getini, na baiskeli yangu ilikuwa pale imelala na suruali mdomoni kama fisi, hakuna cha kuficha. Nikasimama na leso yangu.

"Mkwe," nikasema, "nimewavunjia heshima. Lawama ni zangu. Rosa hana kosa lolote."

Mzee Njoroge alitazama suruali, akanitazama mimi, akaenda kwa mke wangu.

"Mama Rosa, kuna leso nyingine?"

Mke wangu akamvutia ile iliyotandikwa chini ya sahani. Mzee akaikung'uta makombo, akajifunga juu ya kile kinguo chake, akaja akakaa kwenye nyasi kando yangu, goti kwa goti.

"Nilijua kwa nini ulikuwa unakimbia mbele," akasema pole pole. "Ulikuwa unanisitiri. Mimi mwenyewe tangu nivue koti natafuta pa kujificha. Daktari aliniambia nipande baiskeli, hakuniambia nitakuwa na mkwe."

Nikavuta leso yangu ifunike magoti.

"Jumamosi ya mwezi ujao tunakuja kwako," akaendelea. "Tutamwambia Rosa mwenyewe, mtu aliyelelewa na baba mwenye haya namna hii, sisi tunampokea kwa mikono miwili."

Rafiki zake nao wakaomba leso. Tukala mbuzi, wazee wanne tumejifunga kama akina mama wa sokoni, na ziwa nikaliona hatimaye, lilikuwa zuri kuliko figo. Rosa alikuwa akicheka huku anafuta machozi. Walipokuja kwangu nilitaka kurudisha leso, imefuliwa na kukunjwa. Mama Kariuki akakataa. Akasema kilichomsitiri mkwe hakirudi.

Tangu siku hiyo nimeapa: anayepanga safari ya baiskeli na apange nguo kabla ya barabara, na mke wake akisema ovaroli, avae ovaroli.

Leo nina bucha mbili Kenyatta Market, ploti moja Kawangware, shamba Kakamega lenye ng'ombe na migomba, pikapu, wajukuu watatu Kitisuru wanaoniita babu kwa lugha mbili, guka ya kwao na kuka ya kwetu, blakimamba, suruali ya harusi yenye alama za meno ya cheni, na leso ya kijani.