Tupunguze Miaka ama Malipo?

Kwenye benki moja mjini Meru, mwalimu na mkewe, mkulima wa Kibirichia, walikuwa mbele yangu na pesa ya viazi ya kulipia zaidi mkopo wao wa nyumba.

Karani akauliza, "Tupunguze miaka, ama malipo ya kila mwezi?"

"Ya mwezi," mume akasema. "Tupumue."

"Miaka!" Mke aliweka kiganja juu ya pesa. "Ukistaafu, hii deni utaachia nani? Watoto?"

Mume akavua kofia, akaikunja polepole.

"Haya, miaka. Lakini nyama ya Jumapili usiguse."

Mke akaondoa kiganja.

Mimi nilikuwa nimekuja kuomba mkopo wa gari. Zamu yangu ilipofika niliuliza salio tu, nikaenda zangu kwa miguu.