Kuruthumu na Mabati ya Wapangaji

Ninyi mnaotembea na karatasi za benki kwapani mkijiita wenye majumba, hebu kaeni chini kidogo mfundishwe bure. Kuruthumu wa Majengo, pale Meru, alisimamisha nyumba ya vyumba sita bila kuingia benki hata kuuliza njia. Yeye na mumewe Suleiman walipata kiwanja, wakachimbia nguzo, wakakandika udongo, na hela zikaisha kabla ya paa. Kuruthumu, muuza sambusa, akamwambia kila aliyetafuta chumba:

"Lete mabati yako, uezeke, ukae mwaka mzima bila kodi. Baada ya hapo utalipa kama wenzako. Siku ukihama, ng'oa mabati yako uende nayo."

Suleiman alicheka mpaka akapaliwa. Lakini nyumba ilifunikwa yote, na wapangaji hawakuhama. Nani ana nguvu za kung'oa paa kila akikasirika?

Halafu ikaja Hali ya Hatari, wakoloni wakikamata watu ovyo. Katikati ya mashaka hayo Suleiman akaugua, akafa, na Kuruthumu akaingia eda: nguo nyeupe, chumbani, pazia mlangoni, hakuna mwanamume wa kando kumwona. Kodi ilipitishwa chini ya pazia. Hapo ndipo homugadi, askari mgambo wa chifu, alipopita akipiga debe na kutangaza. Kesho asubuhi kila mwenye nyumba asimame mbele ya nyumba yake na wapangaji wake, vipande vya utambulisho mkononi, jina lake liandikwe. Nyumba isiyo na mtu wa kuisimamia itabomolewa. Hayakuwa maneno matupu. Nyumba ya jirani ilikuwa imeshalazwa chini.

Jioni, kabla ya kafyu, Abubakar akaja. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu, mchinjaji, tumbo mbele kama anatanguliwa nalo.

"Shemeji, usihangaike. Kesho nitasimama mimi," alisema nje ya pazia.

"Na litaandikwa jina la nani?"

"La familia."

"Familia inaitwa nani, Abubakar?"

"Ala! Sasa wewe na eda yako utoke ukapange foleni na wanaume barabarani? Kaburi la ndugu yangu halijakauka!"

Kupitia ukuta Kuruthumu akamsikia shemejiye akiwaahidi wapangaji mwezi mmoja bila kodi wakisimama naye kesho. Salesio, fundi seremala kutoka Nkubu, akajibu, "Sawa, mzee." Nelius, mshonaji kutoka Karurumo, akajibu vilevile. Ile "sawa" ilimchoma kuliko maneno yote ya Abubakar.

Asubuhi lori likanguruma. Kuruthumu akasikia buti, akasikia wapangaji wakiamriwa kuchuchumaa. Akitoka, amevunja eda. Akikaa, nyumba imekwenda. Chumba chake kilipakana na barabara, lakini ukuta haukuwa na dirisha. Akautazama ule udongo alioukandika kwa mikono yake mwenyewe, akashika mchi wa kinu, akapiga. Udongo ukamwagika, fito zikatokeza. Akazikata kwa panga mpaka likapatikana tundu la ukubwa wa karai. Akatundika shuka.

Nje, karani wa ofisa Mzungu alikuwa akiuliza, "Nyumba ya nani?"

"Yangu," akasema Abubakar, kanzu imenyooka.

"Yangu!" ukuta ukajibu.

Homugadi akageuza bunduki kuelekea kwenye shuka. "Nani huko? Toka nje!"

"Sitoki. Niko eda. Niandikeni humu humu."

Ofisa akasema jambo kwa sauti ya chini. Karani akatafsiri: "Bwana anasema nyumba haina wenyewe wawili. Mkiendelea hivi anaibomoa sasa hivi, na nyote mnapanda lori la kizuizini."

Abubakar akataka kumaliza mambo upesi. "Mwambie bwana huyu mama ana msiba, amechanganyikiwa. Nyumba yote ni yangu, toka msingi mpaka bati la mwisho!"

Hapo mchinjaji akajikata mwenyewe.

"Bati gani, mzee?" Salesio akauliza, bado amechuchumaa.

"Nyamaza wewe!"

"Nililibeba kichwani kutoka Nkubu. Leo limekuwa lako?"

"Na yangu je?" Nelius akasimama. Homugadi akamfokea akae chini. Akakaa, lakini chini ya lile tundu. Salesio akamfuata. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, huku bunduki ikiwasindikiza. Abubakar akabaki na mpangaji mmoja tu, na huyo alikuwa amesinzia.

Ofisa akawatazama waliokaa chini ya tundu, akaashiria shuka, na karani akasogea. "Jina?"

"Kuruthumu binti Saad."

"Umeandikwa. Akipatikana humu mtu bila kipande, tutakuchukua wewe, eda au si eda. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Lori lilipoondoka, Nelius akaangua kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Mama, tumekuokoa!"

"Mmeokoa mabati yenu. Ule mwezi wa bure mkamdai Abubakar. Na kuanzia leo, mgeni hatalala humu kabla sijashika kipande chake."

"Hata mama yangu?" akauliza Salesio.

"Mama yako akikamatwa humu, nitakayepanda lori ni mimi. Alete kipande."

Salesio akainama, akaanza kuokota mabonge ya udongo ili aukarabati ukuta.

"Acha hilo tundu," akasema Kuruthumu. "Nataka kumwona anayeingia."