Bibi wa Mlangoni Hakutokea

Mwaka aliofariki baba, mama alikaa eda miezi minne na siku kumi, na mimi nikakaa naye ndani. Watu wa Kirongwe walinisifu kwa huruma yangu. Ukweli ni kwamba sikuwa na pa kwenda. Mimi ni mwanamume wa kisiwani ninayetapika ndani ya mashua ambayo bado imefungwa, na safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka kitandani hadi barazani. Eda ya mama ilinikuta yangu nimeshaianza zamani.

Alikuwa akiketi chumba cha uani anasuka ukili, zile kanda ndefu za ukindu ambazo baadaye hushonwa zikawa mkeka, na hasemi kitu. Siku ya tano ukimya ukanishinda. Nikatoa kitabu changu, riwaya ya Kiingereza ambayo mgeni mmoja aliiacha hotelini Utende, na binamu yangu anayefanya kazi pale akaniletea. Nilikuwa nimeshaisoma mara sita tangu nimalize kidato cha nne. Ni habari za binti mfinyanzi anayeuvuka mlima kwenda kuirudisha mvua, ambayo mfalme mmoja ameifungia kwenye mitungi. Nikaanza kumsomea mama, natafsiri papo hapo, na Kiingereza kikinizidi kimo napita pembeni.

"Mvua kwenye mitungi?" mama akauliza. Kwa siku mbili hakuwa ametamka neno lisilohusu chai au sala. "Mfalme huyo hana kazi. Haya, endelea."

Tukaenda vizuri mpaka kwenye lango la mlima. Hapo palikuwa na tatizo ambalo sikumwambia: mchwa walikuwa wamekula kurasa ishirini na kitu. Binti anafika langoni, halafu ghafla yuko ndani, na kovu shavuni. Mimi nilikuwa nimezoea kuliruka hilo pengo. Lakini mama alisimamisha mikono, ananisubiri. Ikabidi nitie kitu, nikamtia bibi. Bibi ameketi mlangoni anasuka ukili, haruhusiwi kuondoka mpaka mkeka wake utimie, na hapiti mtu pale bila kwanza kuketi asuke naye.

Nilikusudia akae siku moja tu. Mama akamng'ang'ania.

"Bibi wa mlangoni kaamkaje?" ndiyo ikawa salamu yetu ya asubuhi. "Ukindu wake kautia rangi gani?"

"Zambarau."

"Zambarau inachuja. Mwambie atie nyekundu."

Nikamwambia. Wiki zikapita, binti kakaa langoni, mvua inangoja mitungini. Siku mama alipotoka eda, ameoga na kuvaa nguo mpya, nikamsomea jinsi bibi alivyofunga fundo la mwisho, akaukunja mkeka, akautia kwapani na kuingia mlimani pamoja na binti. Mama alilia. Mimi nikajifanya natafuta ukurasa.

Mwaka huu nikasikia kitabu kile kimetengenezwa filamu. Nilipanda bodaboda mpaka Kilindoni, mimi huyu, nikarudi nayo kwenye flashi. Mama akamwalika shangazi, dada yake baba, maana kwa miaka amemsimulia bibi wa mlangoni mpaka shangazi anamwita yule bibi mke mwenza wa mama.

Filamu yenyewe ilikuwa imetafsiriwa, yaani kuna kijana anayesema juu ya sauti zote, mfalme na punda kwa koo moja. Binti akatokea.

"Tazama kucha zile!" mama akasema. "Huyu kafinyanga lini?"

"Labda anafinyangiwa, wifi," akajibu shangazi.

Mitungi ilikuwa chupa za kioo zinazowaka taa. Mlima ulikuwa mzuri, siwezi kuwanyima haki yao, lakini binti wangu alikuwa amepewa mchumba, na yule mtafsiri alimfanya mfalme adai nauli.

"Hayo hayamo kitabuni!" nikafoka. "Mtu anapata wapi ujasiri wa kuchukua kitabu cha wenyewe akatia maneno yake?"

Kisha nikajisikia ninavyosema. Nikanywa chai ikaisha. Ilikuwa ya shangazi.

Tukafika langoni. Mama akasogea mbele na mkeka wake. "Wifi, tazama sasa. Ndiyo hapa."

Binti akachomoa upanga, akapigana na askari wawili, lango likalipuka, akapita na kovu lake shavuni. Basi. Mama akaendelea kutazama sehemu ya chini ya kioo cha televisheni, kana kwamba bibi ameketi chini sana.

"Kaenda chooni?" shangazi akauliza.

"Wamemkata," mama akasema polepole. "Wametia upanga, wakamkata bibi."

Hakutazama tena, akachukua ukili wake akasuka. Shangazi alipoaga, kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila utani, mama akanigeukia. "Kesho rudi Kilindoni. Mwambie yule muuzaji filamu yake haikutimia. Usipokwenda, nitakwenda mwenyewe."

Nilimwona kabisa amesimama dukani, na buibui lake, anamdai mtu bibi yangu.

"Mama," nikasema, "bibi hayumo kitabuni. Nilimtia mimi. Kurasa zile zililiwa na mchwa."

Akautazama ukili mikononi mwake. "Wakati wa eda yangu?"

"Ndiyo."

"Zililiwa zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo hujapata kuzisoma."

"Sijapata."

"Sasa unajuaje kama hayumo?"

Nilitaka kusema upanga, nilitaka kusema kovu.

"Upanga ni wa hao wenye filamu," akaniwahi. "Kucha tu za mfinyanzi zimewashinda, baba, uwaamini habari za lango? Kilete hicho kitabu."

Nikakileta. Alikuwa ameshajiweka sawa, mgongo ukutani, ukili mapajani.

"Usianze mwanzo. Anzia mlangoni."

Nikafungua pale palipoliwa, nikayashika yale makombo ya karatasi kama mtu anayesoma.

"Ukindu wake rangi gani?" mama akauliza.

"Nyekundu," nikasoma.