Mguu wa Mtani Wangu

Vijana wakiniuliza vitani niliona nini, huwa wanataka mizinga. Mimi nilikuwa daktari wa jeshi, bwana. Mizinga niliisikia tu. Nilichokiona ni usaha, na nikiwaambia hivyo wanakunja pua na kuondoka. Waondoke. Leo nasimulia habari ya mguu mmoja, na anayetaka mizinga akamwulize mwingine.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilisoma Korogwe, nikapanga chumba jirani na kambi ya mkonge kwa kuwa ndiko kulikokuwa na chumba rahisi. Kambi ile ilijaa Wanyamwezi, watoto na wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge enzi za mkoloni. Na Mzigua na Mnyamwezi, kama hujui, ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na misafara ya kwenda pwani. Mtani anakutukana apendavyo, na kukasirika ni mwiko. Mtani wako akifa, wewe ndiye unayekwenda msibani kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

Pale kambini palikuwa na mama mmoja akiuza uji asubuhi. Hakuwahi kunipa kikombe bila tusi. "Njoo, mwana wa waliouzana kwa kibaba cha mahindi," ananiambia mbele za watu, maana ile njaa ya zamani ya Uzigua, watu walipouzana utumwani wapate chakula, inajulikana mpaka leo. Namjibu, "Lete uji, mama, kabla shingo yako haijazama mabegani kwa mizigo ya pembe za ndovu." Anacheka mpaka upawa unamtoka mkononi. Mwanawe wa pekee, rika langu, alikuwa mbaya kuliko yeye. Akiniona na shati jipya anauliza nimemvua maiti gani. Nikiugua malaria anasimama mlangoni na jembe: "Lala vizuri nikupime urefu, nisije nikachimba zaidi." Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sikuwahi kumwambia neno moja la maana. Hatukuwa na lugha hiyo.

Nikaenda kusomea udaktari, nikaingia jeshini. Likizo moja niliwakuta wazee wangu wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba haina hata paa. Yeye alikuja toka Korogwe, akakata miti na kubeba nyasi nasi mpaka tukaezeka, huku akitucheka: "Afadhali Serikali imewapanda kwa mistari kama mkonge. Sasa mtaonekana."

Vita vya Kagera vilipoanza, yeye alikuwa mgambo, akachukuliwa. Mimi nilikuwa na hema la upasuaji ng'ambo ya mto. Akaletwa kwa lori, kipande cha bomu kimeingia chini ya goti na kimekaa humo siku kadhaa njiani. Nilipofungua bandeji nilijua kabla sijaona kwamba nyama imeoza. Ile harufu ukishaikuta mara moja huisahau. Ngozi ilikuwa na rangi ya shaba, na ukibonyeza unasikia hewa ikitembea ndani ya nyama. Ugonjwa ule haungoji. Mguu ukikatwa mapema mtu anaishi, ukichelewa, unapanda.

"Mtani," nikamwambia, "mguu huu unakatwa leo, sasa hivi. Usipokatwa unakufa."

Akacheka. Jamani, na homa yake ile, akacheka! "Njaa imeanza tena Handeni? Nenda katafute mbuzi. Supu ya mguu wangu huipati."

"Sitanii."

"Ndivyo unavyosema siku zote."

Na kweli ndivyo nilivyosema siku zote. Nikaapa kwa Mungu. Aliwahi kunisikia nikiapa kwa Mungu huyo huyo kwamba mama yake ametoroka na mpiga ngoma. Machozi yakanilenga. Akapiga kitanda kofi kwa furaha: "Ehe! Hapo umenoga! Hivyo hivyo utalia msibani kwangu."

Amri ya mkuu wetu ilikuwa moja: mtu mwenye akili zake timamu hakatwi kiungo bila ridhaa yake. Nje machela zilikuwa zimepangana, mmoja tumbo liko wazi. Nikamtukana mtani wangu, safari hii kwa hasira ya kweli kabisa, naye akazidi kufurahi. Nikaenda kwenye tumbo.

Wazo la kumtuma mtu mwingine, asiye mtani wake, lilinijia huko huko, mikono yangu ikiwa ndani ya mtu. Nilipomaliza nikamchukua msaidizi wangu, Mkurya mkavu asiyejua mzaha. Akasimama kwenye miguu ya kitanda. "Ndugu, unakufa. Kubali mguu ukatwe."

Mtani wangu akamtazama yeye, akanigeukia mimi. Kicheko kikamwisha usoni.

"Kumbe kweli?"

"Kweli."

"Basi kata."

Nikafunua shuka. Weusi ulikuwa umeshapita paja, umeingia kiunoni. Hapakuwa tena na pa kukata. Nikamwambia hivyo. Akanikazia macho, anautafuta utani usoni mwangu, anautafuta kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Sema unatania," akasema. "Mtani, sema unatania."

Alikufa kabla jua halijazama. Hasira niliyokuwa nayo juu yake sijaimaliza hadi leo. Mpumbavu yule! Nilimpenda, mpumbavu yule.

Tulimzika huko huko. Vita vilipokwisha nikaenda kambini Korogwe, nikakuta mama yake amekataa matanga yaondolewe mpaka mtani afike. Basi nikafanya kazi yangu. Nikavaa koti la marehemu nimeligeuza ndani nje, nikaigiza mwendo wake wa kutupa mabega, nikawatukana wafiwa, nikadai jogoo, ada ya mtani. Watu walicheka. Mama alicheka akashika ubavu, kisha akanivuta mkono nikae mkekani kando yake.

"Sasa niambie, mwana wa kibaba. Mwanangu alikufaje?"

Nikamwambia yote. Mwanzo alikuwa bado anatabasamu.

"Angekubali mapema, angepona?"

"Angepona, mama."

"Na alidhani unamtania."

"Ndiyo, mama."

Akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akawaambia mabinti wa kambini, "Mleteeni daktari kiti."

Kambi ile kiti ni cha mgeni, hakuna mtani aliyewahi kuletewa. Nikakaa juu yake na koti langu ndani nje, na hakuna aliyecheka tena.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipomkuta sokoni nilimtupia matusi, tena makubwa, nikimwomba kwa macho anirudishie. Anainamisha kichwa kidogo. "Hujambo, daktari? Kazi zinaendeleaje?" Kila mara hivyo, kwa upole, mpaka alipokufa. Nilikwenda msibani na jembe begani, tayari kuanza, na ndugu zake wakanizuia mlangoni wakaniambia mama aliacha neno: daktari apewe kiti.