Mashua Nyuma ya Zizi

Mto mkubwa kabisa tulio nao upande wangu wa Kimulot, mbuzi anauvuka bila kulowesha tumbo. Kwa hivyo watu waliopita barabarani wakaona mlingoti umesimama juu ya chai yangu walidhani ni mnara wa simu. Mmoja alipanda mpaka mlangoni kuniuliza network inaanza lini.

Haukuwa mnara. Ilikuwa mashua ya tanga, ndefu kuliko nyumba yangu, imekalishwa juu ya magogo nyuma ya zizi la ng'ombe.

Mwenyewe alikuwa mzungu mzee, meneja wa chai aliyestaafu. Alipanga nyumba jirani yangu, mimi nikawa mtu wake wa bustani. Alinunua hiyo mashua kule ziwani ikiwa imechoka, akaipandisha huku milimani kwa lori, ati airekebishe kwenye baridi, halafu aende nayo kuzunguka dunia. Kwake hakukuwa na nafasi, akaomba kipande kwangu. Basi kila Jumamosi anakuja na brashi, anapaka rangi. Rangi ikikauka, anapaka nyingine juu yake. Miaka ikaenda. Dunia aliizunguka hivyo, kwa brashi, akiwa Kimulot.

Halafu magoti yakakataa, watoto wake wakaja kumchukua. Siku ya kuondoka alinishika mikono miwili, machozi yakimtoka, akasema, "Hii sasa ni yako." Wazee wenzangu waliofanyia wazungu kazi waliachiwa ng'ombe wa gredi. Mmoja aliachiwa pikipiki. Mimi nikaachiwa meli.

Ndani ilikuwa na vitanda vinne, jiko, kabati, na choo. Choo cha ndani! Changu mpaka leo kiko ng'ambo ya zizi, mvua ikinyesha unaenda umejifunika gunia. Mke wangu aliingiza kuku humo. Kuku wakalala kitandani mpaka wakashika kiburi, ukiwaita kwa mahindi wanakuangalia tu kama waheshimiwa.

Zile kamba ndizo nilizozipenda. Zilikuwa nyingi, za nailoni, nyeupe na buluu, hazikatiki. Moja ikafunga ng'ombe wa mke wangu, moja ikaanika nguo, nyingine nikatundika stoo. Na kipande kimoja kikakaa kiunoni mwangu, maana mshipi wangu ulikuwa umekatika, na mtu akikonda uzeeni suruali inakuwa na mawazo yake.

Mambo yalibadilika kitinda mimba wetu alipopata mtu. Kwetu, wazee wa kijana wanakuja nyumbani kwa msichana kuomba, na wanakuja na macho. Mara ya kwanza mjomba wa kijana alizunguka ile mashua, mikono mgongoni, akauliza, "Hawa watu wanangoja gharika?" Wenzake walicheka. Mke wangu hakucheka. Walipoondoka akaniambia, "Mzee, watarudi Jumamosi kwa maneno ya mwisho. Wakikuta hicho kitu hapa, utawapokea peke yako. Mtoto wangu hataolewa kama kichekesho."

Nikaanza kutafuta mnunuzi. Uza ng'ombe, watu watamwangalia meno, watamshika kiwele, watauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Uza mashua Kimulot, uone. Mmoja aliuliza inakunywa mafuta au inakunywa nini. Mchungaji mmoja alikuja akaipenda sana, alitaka kuhubiria Nuhu ndani yake. Alipanda, akanyoosha mikono, akakanyaga mayai. Nikamuuliza atanunua lini. Akasema, "Mzee, kitu cha Mungu hakinunuliwi, kinatolewa." Nikamwambia Nuhu alichonga yake mwenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, ndipo alipokuja mtu wa ziwani. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, anastaafu, anarudi kwao. Huyo hakuuliza inakunywa nini. Aliigonga kwa vidole, akaweka sikio, akagonga tena, akaizunguka yote. "Mzee wangu," akasema, "nimelala kwenye mteremko miaka yangu yote ya kazi. Nataka kulala juu ya maji." Tukapatana palepale. Lori likaja, vijana wakaipakia, kuku wakapiga kelele kama wanafukuzwa kwenye ardhi ya babu yao.

Halafu akaangalia juu ya mlingoti, akaniuliza, "Kamba ziko wapi?"

"Kamba nimetoa. Nakuuzia mashua. Kamba siuzi."

Hapa lazima nirudi nyuma. Nilipokuwa kijana, baba alinituma soko la Chebunyo na ndume. Niliuza vizuri, nikarudi nikiimba. Baba hakuuliza bei. Aliuliza, "Kamba iko wapi?" Nilikuwa nimemwachia mnunuzi. Mzee wangu alinichapa kwa fimbo ileile niliyoswagia ndume. Kwetu ng'ombe anauzwa, kamba inarudi nyumbani, kwa sababu baraka ya zizi iko kwenye kamba. Ukiiacha iende, ng'ombe wengine wanaifuata. Shuleni nilifika darasa la tatu tu, lakini hilo somo lilikaa.

Mtu wa ziwani alishika kichwa. "Mzee, hata kwetu kamba ya ng'ombe hupewi. Lakini hii ni mashua! Tanga nitavuta na nini? Na meno?"

"Mnunuzi anakuja na kamba yake."

"Mimi nimekuja na lori!"

Akakaa chini kwenye nyasi, akasema bila kamba hanunui mbao, na vijana waishushe. Dereva wa lori akawa anapiga honi. Hapo mke wangu akatoka, mikono myeusi kwa mkaa wa kusugulia vibuyu vya maziwa ya wageni.

"Kuna nini tena?"

"Anataka kamba," nikasema.

"Si umpe?"

"Mama, baraka! Ukibaki na kamba, wengine wanakuja."

"Wengine nini?"

Nikaangalia juu ya lori.

"Wengine nini, mzee? Sema."

"Mashua," nikasema.

Mtu wa ziwani aliangalia pembeni, mabega yakimtetemeka. Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. "Kumbe unangoja zizae," akasema. Akaingia stoo akatupa nje kila kamba aliyoiona. Akaanua nguo, akang'oa na ile ya kuanikia. Akaenda zizini akafungua hata ng'ombe wake. "Chukua zote. Sitaki hata uzi wa hicho kitu ubaki hapa." Mimi nilivuta sweta chini, likafunika kiuno.

Lori likateremka na mlingoti ukiwa umelazwa. Nyuma ya zizi pakabaki majani ya njano na mavi ya kuku.

Jumamosi wageni walikuja. Walikula, wakanywa maziwa ya kibuyu, maneno yakaenda vizuri mpaka tukaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Wakati huo ng'ombe wa mke wangu, ambaye hakuwa na kamba, aliingia katikati ya wageni akalamba bega la mjomba wa kijana.

Mjomba akamsukuma. "Huyu hana kamba?"



Akainuka, akachungulia stoo, akachungulia zizini. Huyo mtu alizaliwa kuchungulia. Akarudi akasimama katikati ya wazee. "Ndugu zangu, tumeahidi ng'ombe kwa nyumba ambayo haina hata kamba moja. Watawafunga na nini? Na maombi?"

Ng'ombe wakiletwa, kamba si ya mleta. Anayepokea anatoa yake. Kila mtu hapo alijua. Msichana wetu alikuwa mlangoni ameshika birika. Mke wangu aliniangalia. Kwa miaka yote niliyokaa naye, sikuwahi kuona ananiomba kitu kwa macho.

Nikasimama mbele ya wakwe, nikainua sweta, nikafungua kile kipande cha kamba ya mzungu kiunoni, nyeupe na buluu. Kwa mkono mmoja nikamkabidhi mjomba, kwa mwingine nikashikilia suruali.

Aliivuta. Akaivuta tena kwa nguvu. Haikukatika.

"Hii ni ya ng'ombe mmoja tu," akasema.

"Leta huyo mmoja," nikamwambia, "wengine watakuja." Nikaketi haraka.