Mwisho wa Hadithi ya Kinyozi

Wateja walimbandika kinyozi jirani yangu jina la Sura ya Kwanza, na alilistahili. Miaka yote niliyoshona nguo upande wa pili wa ukuta wake, sikumsikia hata mara moja akisoma sura ya pili.

Alikuwa akimfunga mtu kitambaa shingoni, akishamnyoa nusu kichwa, anatoa karatasi za hadithi anayoitunga na kumsomea. Nusu kichwa kwa sababu hapo mtu hawezi kukimbia. Hadithi ilihusu msichana anayemsubiri kaka yake aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Mteja mwalimu akisema mwanzo umepooza, kinyozi anaubadilisha. Dereva akisema tia ngumi, ngumi zinatiwa. Kesho yake fundi bomba anaona ngumi zimezidi, basi zinatoka. Nilimwambia mtaka yote hukosa yote, akanijibu nishike sindano yangu. Na kusema kweli, ule mwanzo ulinoga. Siku moja nilisimamisha cherehani nikasikiliza, mimi nisiyependa hadithi.

Aliyeutaka mwisho ni dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alikuwa na ugonjwa wa figo, na akitoka hospitali hupita kupumzika kwenye benchi la wateja.

"Mdogo wangu, huyo kaka anarudi au harudi?"

"Subiri dada, mwanzo haujakaa sawa. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanzo nimeushiba mimi. Nipe mwisho, hata ukiwa mbovu."

Tulicheka wote, hata kinyozi mwenyewe.

Dada yake alipolazwa mara ya mwisho nilifuatana na kinyozi hadi wodini. Akamsomea mwanzo, alioutengeneza upya asubuhi ile ile. Dada alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umekaa vizuri," akasema. "Haya, endelea."

Hakukuwa na karatasi nyingine. Nilimfinya kinyozi mkono, nikamnong'oneza, "Sema lolote! Sema amerudi!"

"Siwezi kumpa kitu kibichi," akaninong'oneza naye. Kisha akamgeukia dada yake. "Kesho nakuletea."

Kesho yake tulikuta kitanda kimeshatandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Nilimkasirikia kinyozi hata nikashindwa kumpa pole.

Baada ya mazishi aliuandika mwisho, mchana mmoja tu, kati ya mteja na mteja. Akaja kunisomea mlangoni kwangu. Kaka anarudi, anamkuta dada yake amekaa kwenye benchi, wanakula, wanaongea, basi. Hata ngumi moja hakuna.

"Ni mbovu," nilimwambia. Sikuona sababu ya kumdanganya.

"Najua," akasema. "Angeupenda."

Akazikunja karatasi, akarudi kummalizia mteja aliyemwacha nusu kichwa.